Kufundisha Habari za Springi kwa Pikipiki ya Kijijini

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Sita katika shule moja ya msingi huko Ulyankulu, Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora. Mwanachuo tuliyekwenda kumkagua alikuwa ameliandaa somo lake kwa bidii. Alichora springi ubaoni, akaandika maana yake, kisha akataja matumizi yake: katika kalamu, katika godoro, katika mizani ya kuning'iniza. Wanafunzi walinakili kwa utulivu. Zilipobaki dakika chache kipindi kumalizika, msichana mmoja aliyeketi dawati la tatu alinyosha mkono.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Baba aliifunga pikipiki yake springi nene ili ibebe mahindi. Ikiwa na gunia inakwenda vizuri. Lakini akitupakia mimi na mdogo wangu tunarushwa mpaka tunaumia mgongo. Kwa nini inaturusha sisi, na gunia hairushi?"

Mwanachuo alinyamaza kidogo, akasema kwamba jambo hilo halimo katika somo la siku ile, akamwambia aketi. Katika fomu ya ukaguzi tulimpa alama nzuri kwa maandalizi na kwa utulivu wa darasa. Tulipokuwa njiani kurudi chuoni tulianza kuulizana wenyewe: kama swali lile lingeelekezwa kwetu, tungejibu nini? Ukweli ni kwamba sisi nasi hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumempa mwenzetu alama nzuri kwa somo ambalo swali lake la pekee lenye uzito lilikuwa limeachwa hewani.

Makala haya yametokana na aibu ile. Tumekusudia kuwaeleza walimu wa kesho jinsi springi na shokapu zinavyofanya kazi, jinsi zinavyoweza kuimarishwa pasipo kuharibu, na jinsi maarifa hayo yanavyoweza kufundishwa kwa vifaa vinavyopatikana kijijini. Tutatumia neno "shokapu" kwa kuwa ndilo wanalotumia mafundi na watoto, ingawa wapo wasemao "shokomzoba".

Mzigo katika njia ya zamani

Yafaa mwalimu aanze na jambo ambalo mwanafunzi analo mwilini mwake. Eneo la Tabora lilikuwa kitovu cha njia kuu ya misafara iliyounganisha pwani na Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 waliikuta biashara hiyo imekwisha kushamiri; na nchi za magharibi ya hapo ndizo alizokuja kuzitawala Mirambo hadi alipofariki mwaka 1884. Katika sehemu kubwa ya njia hiyo mbung'o waliwaua wanyama wa kubebea mizigo. Kwa hiyo pembe, nguo, shanga na waya vilisafiri mabegani na vichwani mwa watu, wengi wao wakiwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Ni baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912 ndipo kazi hiyo ilipopungua sana.

Sasa mwambie mwanafunzi abebe ndoo ya maji kichwani na kutembea, na wenzake waangalie magoti yake. Wataona kwamba magoti hujikunja kidogo kila mguu unapokanyaga, kisha hunyooka. Mwambie ajaribu kutembea kwa miguu iliyokakamaa kama fimbo: maji yatamwagika. Wataona jambo la pili pia. Magoti hayarudi juu kwa kishindo. Misuli huyashika, ikayarudisha taratibu. Mpagazi ambaye miguu yake ingejikunja bila kushikwa na misuli angeyumba na kuanguka pamoja na mzigo wake.

Humo mna somo lote. Kuna kujikunja na kunyooka, na kuna kushika ili kunyooka kusiwe kwa fujo. Chombo chochote kinachobeba mzigo juu ya njia mbovu hakina budi kuyafanya yote mawili.

Kazi mbili za shokapu

Pikipiki za kawaida zinazotumika vijijini huwa na shokapu mbili nyuma, moja kila upande wa gurudumu, na mbili mbele, ambazo ni mirija iliyoingiliana. Kila shokapu ina sehemu mbili zenye kazi tofauti, na kosa la watu wengi ni kudhani kwamba ni kitu kimoja.

Sehemu ya kwanza ni springi. Hii hubeba uzito. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujibana na kuhifadhi nguvu ya pigo lile. Jiwe likipita, huirudisha nguvu hiyo. Mwingereza Robert Hooke alitangaza kanuni yake mwaka 1678: kadiri nguvu inavyoongezeka, ndivyo springi inavyovutika au kubanwa kwa kiasi kile kile. Kilo kumi zikiibana kwa milimita tatu, kilo ishirini zitaibana kwa milimita sita, ilimradi haijafikia mwisho wake. Hooke alikuwa ameificha kanuni hiyo katika fumbo la herufi mwaka 1676, miaka miwili kabla ya kuifumbua. Watoto hufurahia kisa hicho.

Sehemu ya pili ni oili iliyo ndani ya mrija. Ndani yake mna pistoni yenye matundu madogo. Shokapu inapobonyea au kunyooka, oili hulazimika kupenya katika matundu hayo. Kupenya huko huleta ukinzani, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu ya pikipiki iliyotoka safari ndefu katika njia mbovu huwa na moto ukiigusa.

Tabia ya oili hutofautiana na ya springi katika jambo moja muhimu. Springi hujali umbali iliobanwa. Oili hujali mwendo: ukiibonyeza taratibu haikupingi sana, ukiibonyeza kwa kasi inakupinga kwa nguvu. Mwanafunzi anaweza kulihisi jambo hilo kwa pampu ya baiskeli. Azibe tundu lake kwa kidole, lakini aache upenyo mdogo. Akisukuma polepole mkono unakwenda. Akisukuma kwa ghafla, pampu inamgomea.

Springi isiyo na oili ni kama bembea isiyo na breki. Gurudumu likigonga shimo moja, pikipiki itaendelea kuruka juu na chini, na kila linaporuka, tairi hupoteza mshiko wake barabarani. Oili isiyo na springi nayo haiwezi kubeba kitu: itazama taratibu mpaka chini na kubaki huko.

Jibu la swali la msichana

Tukirudi sasa kwenye pikipiki ya mzee yule, tunaweza kuifuata hatua kwa hatua. Springi nene ni ngumu kuliko ya awali. Uzito wa gunia ukiwapo, springi hiyo hubonyea kiasi cha kutosha na kufanya kazi yake. Uzito huo mkubwa pia hukawia kusukumwa juu, kama vile gari lililosheheni linavyokawia kuondoka. Gunia likiondolewa na watoto wawili wembamba wakaketi mahali pake, springi ile ile haibonyei sana. Pigo la jiwe hupita karibu lote mpaka kwenye kiti. Nguvu kidogo iliyohifadhiwa hurudi upesi na kuurusha mzigo mwepesi.

Kuna sababu ya pili. Oili na matundu ya shokapu vilipimwa kiwandani ili vituliza springi ya awali. Springi ikifanywa ngumu zaidi, nguvu inayorudi ni kubwa, na oili ile ile haitoshi kuishika. Kwa hiyo mwenye pikipiki amenunua nguvu ya kubeba, lakini hakununua utulivu.

Kupima kabla ya kurekebisha

Fundi mmoja wa hapo Ulyankulu, tuliyemwendea baadaye chini ya mwembe wake, alituambia kwamba wateja wengi humjia na uamuzi tayari: "Fundi, niwekee springi ngumu." Wachache huja wakisema, "Fundi, nipimie." Tuliona kwamba hapo ndipo mwalimu anapoweza kusaidia, kwa sababu kupima huku hakuhitaji zaidi ya rula na hesabu ya asilimia.

Kwanza yafaa kujua mwendo wa gurudumu la nyuma, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda tangu linaponing'inia mpaka shokapu ifike mwisho. Kijitabu cha mtengenezaji huonyesha umbali huo. Tuchukue mfano wa milimita 80.

Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia. Wekeni alama ya chokaa kwenye madigadi, juu ya ekseli, mkapime umbali kutoka nati ya ekseli hadi alama hiyo. Tuseme ni milimita 400. Kisha pikipiki ishushwe isimame yenyewe, ikishikwa wima: umbali umekuwa 390. Dereva apande: umekuwa 378. Abiria wawili wazima waongezwe: umekuwa 345.

Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na kila kimojawapo cha vingine tutaiita mzamo. Pikipiki peke yake imezama milimita 10. Ikiwa na dereva imezama 22, ambazo ni asilimia 27.5 ya mwendo wote. Ikiwa na abiria wawili imezama 55, yaani karibu asilimia 69.

Kanuni ya kawaida ya mafundi ni kwamba chombo kikiwa na mzigo wake wa kila siku kizame robo hadi theluthi ya mwendo. Sehemu hiyo huliwezesha gurudumu kushuka shimoni bila kupoteza mshiko; sehemu iliyobaki huliwezesha kupanda mawe. Katika mfano wetu dereva peke yake yumo katika kipimo hicho. Lakini wakiwa watatu zimebaki milimita 25 tu. Korongo la kwanza litaifikisha shokapu mwisho, chuma kitagonga chuma, na pigo litahamia kwenye fremu, spoki na uti wa mgongo wa abiria. Hapo tatizo ni mzigo. Kila pikipiki ina kikomo cha mzigo kilichowekwa na mtengenezaji, na springi nene haikiongezi kikomo hicho, kwa sababu fremu, breki na tairi zimebaki zile zile.

Njia za kuimarisha

Baada ya kupima ndipo mtu anapoweza kuamua. Zipo njia nne ambazo mwalimu hana budi kuzitofautisha.

Njia ya kwanza ni kukagua kilichochakaa. Mara nyingi chombo kikuukuu hakihitaji kitu kipya chenye nguvu zaidi. Kinahitaji kurudishiwa hali yake. Bushi zilizolika hufanya gurudumu liyumbe. Tairi lenye upepo mwingi mno hupiga kama mbao. Sili iliyokatika huvujisha oili, na alama yake ni unyevu wenye vumbi kwenye fimbo ya shokapu. Jaribio ni rahisi: bonyeza kiti cha nyuma kwa nguvu, kisha uachie. Shokapu nzima hupanda na kutulia. Ikiruka mara tatu au nne, oili yake imekwisha kazi.

Njia ya pili ni kugeuza kikombe chenye ngazi kilicho chini ya springi ya nyuma. Watu husema kwamba kukipandisha ngazi ni "kuikaza springi", na wengi huamini kwamba springi imekuwa ngumu zaidi. Sivyo. Ugumu wa springi uko katika chuma chake. Kikombe huibana springi kidogo kabla ya mzigo, hivyo sehemu ya nyuma ya pikipiki huinuka na mzamo hupungua. Yafaa kupandisha ngazi kabla ya kupakia mzigo na kuishusha baada ya kupakua. Ni kazi ya dakika chache, wala haigharimu kitu.

Njia ya tatu ni kubadili springi yenyewe. Hapa mwalimu na ajue jinsi chuma kinavyokuza ugumu. Ikiwa mambo mengine yote ni sawa, ugumu hufuata kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 7 ukibadilishwa kwa wa milimita 8, ugumu huongezeka kwa uwiano wa 8 × 8 × 8 × 8 kwa 7 × 7 × 7 × 7, yaani 4096 kwa 2401, takribani mara 1.7. Milimita moja ambayo jicho halioni kwa urahisi imeongeza zaidi ya nusu. Kadhalika, mizunguko ikipungua ugumu huongezeka. Ndiyo maana kipande cha tairi kikishindiliwa kati ya mizunguko ya springi, kama wafanyavyo wengine, mizunguko iliyozibwa huacha kufanya kazi, na iliyobaki huwa migumu na huchoka mapema.

Watengenezaji nao wamelijua tatizo la msichana wetu. Tazameni springi nyingi za nyuma mtaona kwamba upande mmoja mizunguko imekaribiana na upande mwingine imeachana. Ile iliyokaribiana hufungana kwanza mzigo unapoongezeka, na springi ikawa ngumu zaidi kadiri inavyobonyea. Kwa hiyo ni laini kwa mtoto na ngumu kwa gunia, ingawa kwa kiasi fulani tu.

Njia ya nne ni kurekebisha oili. Oili nzito hupenya matundu kwa shida kuliko nyepesi, hivyo hutuliza zaidi. Shokapu nyingi za mbele zinaweza kufunguliwa na fundi, zikabadilishwa sili na oili. Za nyuma katika pikipiki ndogo nyingi zimefungwa moja kwa moja kiwandani, na zikivuja hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Ikibadilishwa moja tu, upande mmoja utatulia na mwingine utaruka.

Mpangilio huu si wa Ulyankulu peke yake. Katika miaka ya 1980 viwanda vya Japani vilianza kuuza pikipiki za magurudumu manne za michezo, kama vile Suzuki LT250R ya mwaka 1985 na Honda TRX250R ya mwaka 1986. Huko Marekani wapo wanaozitunza mpaka leo na kuziimarisha. Gurudumu la mbele la chombo hicho hushikwa na mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, na shokapu huwa katikati. Nyuma hutosha shokapu moja. Mwenye ujuzi anapotaka kuimarisha chombo kikuukuu cha namna hiyo, huanza na bushi na sili, akajipima uzito wake pamoja na mavazi yake ya mchezo, akapima mzamo, ndipo akachagua springi inayolingana na uzito huo, na mwisho akarekebisha oili ilingane na springi. Anayeanza kwa kununua springi ngumu kuliko zote hujikuta akirushwa kama watoto wa mzee yule.

Hatua za somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili vinavyofuatana. Shabaha yake ni kwamba mwishoni mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake kazi mbili za shokapu, na kupima mzamo wa pikipiki.

Vifaa: vipande virefu vya mpira wa tyubu kuukuu vilivyokatwa kwa upana sawa; kopo lenye mpini wa waya; chupa ya nusu lita; rula; pampu ya baiskeli; ndoo ya maji; kikombe chenye asali kidogo na kijiko; msumari wa kutundikia.

Hatua ya kwanza. Tundika kipande cha mpira na kopo chini yake. Mwanafunzi apime urefu. Mimina nusu lita ya maji, ambayo ni nusu kilo, apime tena. Ongeza nusu lita nyingine. Vipimo viandikwe ubaoni katika jedwali. Mpira haufuati kanuni ya Hooke kwa usahihi wa springi ya chuma, lakini mvuto ukiwa mdogo wanafunzi watauona ulinganifu. Waambie hivyo waziwazi. Mtoto akipata kipimo kisicholingana sawasawa asidhani kwamba amekosea.

Hatua ya pili. Tundika vipande viwili bega kwa bega, urudie. Mvuto utakuwa kama nusu ya ule wa kwanza. Hii ndiyo springi nene. Sasa mwaga maji, ubakize kopo tupu, ulivute kidogo na kuliachia. Linarudi kwa kasi na kuruka. Jaza maji kiasi, uvute na kuachia: linakwenda juu na chini polepole. Waulize: "Ninyi ni kopo lipi, na gunia ni kopo lipi?" Usiwape jibu.

Hatua ya tatu. Weka mawe katika kopo, livute na kuliachia, wahesabu ni mara ngapi linapanda na kushuka kabla ya kutulia. Kisha rudia kopo likiwa limezama ndani ya ndoo ya maji. Idadi itapungua sana. Baadaye mwanafunzi akoroge maji kwa kijiko, kisha akoroge asali. Tabora ni nchi ya asali, na hakuna mtoto asiyejua uzito wake. Muulize ni ipi kati ya hizo angeichagua iwe oili nzito. Maliza kwa pampu ya baiskeli kama tulivyoeleza.

Hatua ya nne. Mwalimu aombe pikipiki moja, yake au ya mzazi, iletwe uwanjani injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kikundi kimoja kishike rula, kingine kiandike, kingine kikokotoe asilimia. Mtu mzima ndiye apande kama dereva.

Yapo mambo matatu ya tahadhari. Mwanafunzi asiingie chini ya pikipiki wala asiweke vidole kati ya mizunguko ya springi. Shokapu isifunguliwe shuleni kwa hali yoyote, kwa kuwa springi iliyobanwa inaweza kuruka na kujeruhi vibaya. Tena pikipiki isiwashwe wakati wa somo.

Fundi naye ana nafasi yake katika somo hili. Mwalimu asimwone kuwa mtu wa chini kwa sababu hakukaa chuoni. Anajua kwa mkono yale ambayo sisi tunayajua kwa chaki. Aalikwe aje darasani, wanafunzi wamuulize, na mwalimu aketi asikilize. Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tuvunje ukuta kati ya shule na kijiji. Ukuta huo hauvunjwi kwa jembe la shamba la shule peke yake.

Hitimisho

Tulirudi katika shule ile majuma matatu baadaye, pamoja na yule mwanachuo, ambaye mwenyewe ndiye aliyeomba arudi. Alianza kwa kumwambia msichana mbele ya darasa, "Swali lako lilikuwa zuri, nami sikujua jibu. Leo tutalitafuta sote." Baba wa mtoto alikuja na pikipiki yake, akasimama kando akitutazama kwa mashaka.

Wanafunzi walipima. Mwendo wa gurudumu ulikuwa milimita 80. Pikipiki peke yake ilizama milimita 4. Baba alipopanda ilizama 9, yaani asilimia 11 tu. Gunia la mahindi la kilo 100 lilipofungwa kwenye keria, ilizama 22. Springi zile zilikuwa zimefaa kwa gunia, na hazikumfaa mtu mwingine yeyote. Kisha mvulana mmoja akabonyeza kiti na kukiachia. Kiliruka mara nne. Alipochuchumaa kutazama aliona unyevu wenye vumbi kwenye fimbo za shokapu. Kwa muda mrefu pikipiki ile ilikuwa ikitembea kwa springi tupu.

Yule mzee alisikiliza hesabu zote. Mwalimu akamweleza kwamba angeweza kununua jozi mpya ya shokapu zenye springi za kawaida, na kubeba nusu gunia kwa kila safari. Alitikisa kichwa. "Mwalimu, nusu gunia ni safari mbili, na safari mbili ni mafuta mara mbili," alisema. "Mahindi yakiisha nitabadilisha. Mpaka hapo watoto watembee kwa miguu."

Mwanachuo alitutazama kama aliyeshindwa. Tulimwambia baadaye kwamba hakushindwa. Kazi ya mwalimu haikuwa kumwamulia mzee yule mambo ya nyumba yake. Kabla ya siku ile alikuwa akiwapakia watoto wake pasipo kujua kinachowaumiza. Sasa alijua, akachagua, na watoto walishuka kwenye kiti kile.

Kabla ya kengele, msichana aliitwa ubaoni aandike jibu la swali lake. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa: "Springi ya baba ilipimwa kwa gunia. Sisi ni wepesi, na oili ya kutushika imekwisha." Katika fomu yetu ya ukaguzi hapakuwa na mahali pa kuandika sentensi hiyo. Tuliinakili nyuma ya karatasi.